Kengele za Moshi na Kichwa cha Tepu

Mkitaka kusafisha kichwa cha mashine ya tepu, chukueni spiriti ya kusafishia vidonda na pamba mliyoizungusha kwenye kijiti. Futeni upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, msirudi nyuma. Mikono iwe imenawiwa kwa sabuni. Na siku hiyo msipake mafuta ya nazi kichwani, maana kidole kitakwenda kujikuna nywele bila nyinyi wenyewe kujua, kisha kitarudi kwenye mashine.

Haya, nimeshawafundisha. Sasa nendeni mkaitafute hiyo mashine. Hamtaiona, na mkiiona itakuwa stoo, mende wamezalia ndani. Mimi nilikuwa hodari wa kutuliza kitu ambacho leo hakipo duniani. Watu wa rika langu waliokuwa mafundi wa baiskeli bado wanaitwa mafundi. Mimi hapa Ukunda naitwa Mzee Hamisi wa chaja. Kwa hiyo msinijie na ile adabu yenu ya kuitikia "ehee, babu" huku macho yako kwenye simu. Atakaye kusikiliza asikilize, na asiyetaka aondoke mapema nisije nikamaliza mate yangu bure.

Kazi yenyewe niliifanya Diani, miaka ya tisini ikiwa inaishia, katika hoteli moja ya ufuoni. Jina silitaji. Wenyewe wana mawakili, na mimi nina meza ya mbao tu hapa nyuma ya soko. Kila asubuhi nilitoka kwetu Tiwi kwa baiskeli, navaa ovaroli yangu, naingia karakana. Hoteli ilikuwa na kompyuta ya mapokezi iliyojua nani kalala chumba gani, nani anakuja na nani anaondoka. Kila alasiri nakala ya hayo yote ilitiwa kwenye kanda ya sumaku, mfano wa zile kanda za muziki mlizoziona kwa wazazi wenu, ila pana zaidi na ghali zaidi. Tuliambiwa kompyuta ikifa unatia kanda, na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Wasichotuambia ni habari ya kichwa. Ndani ya mashine kuna kijichuma kidogo mfano wa punje ya hindi, kanda inapita mbele yake. Kanda ile imejaa mistari myembamba iliyolala sambamba, na kichwa lazima kikae juu ya mstari wake, kitulie tuli. Kikisogea kidogo tu, kitu usichoweza kukiona kwa macho, kinaanza kusoma mstari wa jirani, na maneno yanachanganyika yote.

Sasa tazameni akili za waliotujengea. Chumba cha kompyuta walikiweka ukuta mmoja na chumba cha dobi! Upande huu mashine ya tepu inayotaka utulivu, upande ule mashine kubwa za kukamua mashuka zinanguruma mpaka glasi zinagongana kabatini. Tukaomba tuhamishwe. Meneja akatuambia nyaya zimeshafukiwa kwenye saruji, tusimpotezee wakati. Alikuwa mtu wa suruali yenye mikunjo ya pasi, akipita karakana yetu hupita upesi.

Basi siku moja umeme ukapiga, kompyuta ikafa. Tukatia kanda. Haikusomeka. Tukatia ya jana yake. Wapi! Zote zilikuwa zimeandikwa huku ukuta unatikisika, mistari imekwenda upogo. Mapokezi wakabaki wanagawa funguo kwa kukisia. Mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe walipewa ufunguo wa chumba chenye maharusi, na maharusi wenyewe walikuwa ndani. Mayowe yaliyotoka pale yalisikika hadi jikoni. Leo nacheka, lakini siku ile meneja alitusimamisha jua kali, mimi na Fundi Musyoka, akatuambia ikirudia tena tutakwenda kulima.

Musyoka ndiye aliyenifundisha kazi, nanyi mnapaswa kumjua. Alikuwa Mkamba wa kule kwenye mashamba ya makazi, Shimba Hills. Wazee wake walihamia wakapewa ardhi yeye akiwa bado mdogo. Mlokole, hanywi, hatukani, chombo chake ukikiazima akikumbuka atakuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha bara mpaka mwisho. Mimi namwambia "kifaa hiki", yeye ananijibu "hii kitu". Lakini mikono! Alikuwa akishika nyuzi nyembamba kwa kibano, akizilehemu huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani, na hakosei. Nilimpenda mtu yule kama kaka yangu mkubwa. Nasema hivi ili mjue hasira niliyo nayo imetoka wapi.

Kulima yeye alikuwa anakujua, na hakukutaka. Alikaa siku kadhaa anawaza, haimbi. Kisha akaja na mwanasesere wa bintiye, yule wa kulia ukimbonyeza tumbo, akampasua. Ndani akatoa kisahani chembamba cha shaba, juu kimepakwa kauri nyeupe. Mafundi wa redio hapa Ukunda wanakiita baza. Katika vitabu kinaitwa piezo.

"Hamisi, unajua hii kitu?" akaniuliza.

"Ni ya kupigia kelele, Fundi."

"Hiyo ni kazi yake ya kitoto. Ngoja nikuonyeshe."

Akakiunga na mita, akakigonga kwa ukucha. Mshale wa mita ukaruka. Kisha akakitia umeme, akaniambia nikiguse pole pole, nikakihisi kinajikunja kidogo sana chini ya kidole. Ukikigonga kinatoa umeme, ukikitia umeme kinajikunja. Ni jamaa mmoja na kile kinachotoa cheche kwenye kiwashio cha jiko la gesi mnapobonyeza tak! Musyoka alikuwa amefikiria hivi: kisahani kimoja tukigundishe kwenye fremu ya mashine, kihisi mtikisiko wa dobi. Cha pili tukiweke chini ya kichwa. Cha kwanza kikipeleka habari, cha pili kikisukume kichwa upande wa pili kwa kiasi kilekile. Ukuta ukisukuma kulia, kisahani kinarudisha kushoto. Kichwa kinabaki palepale, dobi na atikisike mpaka achoke.

Mara ya kwanza tuliunga nyaya kinyumenyume. Jamani! Badala ya kutuliza, kikaongeza. Ukuta ukisukuma kulia nacho kinasukuma kulia, mashine ikaanza kulia kama mbu aliyeingia sikioni, sauti inapanda, inapanda, mpaka mama mmoja wa dobi akaja kuuliza tumefunga paka gani humu ndani. Musyoka alicheka akakaa chini, machozi yanamtoka. Akageuza nyaya mbili, kukanyamaza.

Na hapa kuna elimu, kama yuko anayeitaka. Kisahani hakipendi moto. Ukilehemu, gusa uondoke. Ukikichelewesha chini ya chuma cha moto kinakufa, kitabaki kizuri kwa sura lakini hakijikunji tena. Gundi nayo ina mambo. Tulijaribu gundi ya viatu, ni laini, inaumeza mtikisiko wote kabla haujafika. Ile inayokauka papo hapo hupasua kauri. Iliyofaa ni ile ya mirija miwili inayochanganywa, ikigandisha imegandisha, hata kwa patasi hutoki nayo. Sisi tuliijua kwa kukosea na kurudia, na visahani tukavivunja vingi.

Nitasema kweli ijapokuwa inaniuma: ilikuwa kazi nzuri. Tulitia kanda huku mashine zote za dobi zinakamua, tukaisoma tena, haikukosa hata jina moja. Tukaipeleka kwa mashine ya hoteli nyingine, kule hakuna mtikisiko, ikasomeka vilevile. Musyoka alisimama ameshika kiuno, anayasoma majina upya. Mtu aliyefundishwa kulehemu na nduguye gereji, ambaye hakuna aliyewahi kumpa hata cheti, amefanya jambo ambalo hata waliotengeneza mashine hawakulitia ndani yake. Nilimkumbatia. Ile ilikuwa siku bora ya kazi yangu yote, na nimeishi kuichukia.

Sasa niwaeleze kengele za moshi, kwa maana ndipo palipooza.

Hoteli ile ilikuwa ya makuti. Mapaa marefu ya makuti makavu, mazuri ajabu, watalii wanayapiga picha. Nyinyi wa mapaa ya mabati hamjui makuti yakishika moto. Hayakupi nafasi ya kutafuta viatu. Kwa hiyo kampuni ya Ulaya iliyotuletea wageni ilidai kila chumba kiwe na kengele ya moshi, kile kidude cheupe cha darini chenye kitaa chekundu kinachopepesa. Zikaletwa, tukazifunga sisi. Na zilikuwa kali! Mwanasiti wa mapokezi alikuwa ameamini mashine ya tepu imeingiliwa na jini, akaja na chetezo akaifukizia ubani. Moshi ukapita dirishani ukaingia vyumba vya pili. Kengele zikalia zote kwa pamoja, wageni wakatoka mbio na taulo, mmoja na nusu ya ndevu amenyoa. Tangu siku ile meneja alizichukia kengele zile kama mtu aliyemtukana mama yake.

Meneja huyohuyo, alipoona kidude cha Musyoka kinafanya kazi, akampigia simu mwenye hoteli. Alijisifu kana kwamba alikibuni yeye akiwa bafuni. Akaahidi kuwa hoteli zote za tajiri yule zitafungiwa kidude kama chetu, na akamwambia Musyoka kwamba kazi ikikamilika yeye ndiye atakuwa mkuu wa mafundi wote, hapa mpaka Msambweni. Shida ikawa visahani. Mafundi wa Ukunda walikuwa na vidogo vya saa, havina nguvu. Mombasa tulizunguka maduka tukarudi mikono mitupu. Kuagiza nje ni kungoja mpaka umesahau ulichoagiza.

Na ndani ya kila kengele ya moshi mlikuwa na kisahani kimoja, kikubwa, kizuri, saizi ileile hasa.

Ulikuwa ni wakati wa zile vurugu za kabla ya uchaguzi, wageni wamekimbia pwani. Upande mzima wa hoteli ulikuwa umefungwa, vitanda vimefunikwa. Meneja akasema tuchukue vya huko. Nilishika ngazi mimi mwenyewe, Musyoka akiwa juu. Vyumba havikuwa na mtu, sikuona ubaya.

"Lakini Fundi," nikamwambia, "kabla mgeni hajalala humu vitarudi."

"Si vitarudi. Kwani tunaiba?"

Akitoa kisahani alirudisha mfuniko, betri akaiacha. Kitaa chekundu kikaendelea kupepesa. Ukiingia chumbani, ukitazama juu, unaona kengele inakukonyeza kwamba iko macho. Haina sauti hata kidogo.

Mwisho wa mwaka wageni wakaanza kurudi. Watu walifurahi, nami nilifurahi, kwa maana wenzetu wengi walikuwa wamerudishwa makwao bila kazi. Tukaona wasichana wanatandika vitanda kule upande uliofungwa. Nikamfuata Musyoka karakana.

"Fundi, visahani."

Hakuinua uso. "Viko kwenye mashine, Hamisi. Zingine zimeenda Msambweni."

"Basi tuvitoe."

"Nitoe? Wewe unajua meneja ameongea nini? Nikitoa hiyo kitu, kazi yote inakufa. Yangu na yako. Tumeagiza zingine, zitakuja."

"Zitakuja lini? Wageni waingia Jumamosi. Watu walala chini ya makuti, Musyoka!"

Nilimtaja kwa jina bila ya kumwita Fundi, mara ya kwanza tangu tujuane. Aliweka chuma cha kulehemu chini.

"Hii hoteli imekaa miaka yote hiyo bila kengele. Iliungua?"

Nikaenda kwa meneja. Hakuniambia nikae. Alinisikiliza huku anasoma kitu kingine, kisha akaniuliza kama mimi ni fundi au ni zimamoto. Nikamwambia mimi ni fundi niliyezifunga kwa mkono wangu. Akasema vizuri, basi niende nikafungue mifereji iliyoziba.

Kabla ya wageni kuingia akaja mkaguzi wa ile kampuni ya Ulaya, mama mmoja mrefu, mpole, kofia ya majani kichwani. Meneja akamzungusha. Musyoka alikuwapo kama fundi mkuu, shati jeupe limepigwa pasi. Mimi nilibeba ngazi nyuma yao kama mtumwa. Kila chumba yule mama anaingia, anatazama kitanda, chandarua, bomba la maji. Anainua macho darini, kitaa chekundu kinapepesa, anatia alama. Chumba cha pili vilevile. Nikamwangalia Musyoka nikitaraji aseme neno. Alikuwa anatazama sakafu.

Tulipofika chumba cha kona sikuweza tena. Nilisimamisha ngazi, nikapanda, hakuna aliyenituma. Kengele zile zina kitufe cha kujaribia; ukikibonyeza lazima ilie mpaka ujute. Nikaweka kidole, nikabonyeza, nikashikilia.

Kimya. Twasikia kunguru tu huko nje.

Meneja akacheka. "Betri," akasema kwa Kiingereza.

Yule mama hakuwa mjinga. Akauliza, mbona basi taa inawaka? Na hakumwuliza meneja. Alimgeukia Musyoka.

Mungu ni shahidi, nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, sasa yamekwisha, huyu ni mtu wa Mungu, hasemi uongo. Musyoka alinyoosha kola ya shati lake jeupe. Kisha akamjibu kwa Kiingereza chake safi cha shule: Taa inakula umeme kidogo sana, mama, na sauti inakula mwingi. Betri ikichoka, taa huwaka lakini sauti haitoki. Nitabadilisha zote leo.

Na ubaya wake ni kwamba ni kweli! Betri ikichoka inafanya hivyohivyo. Angesema uongo wa kipumbavu yule mama angemshika. Alitumia ilimu, ilimu ileile aliyonifundisha mimi, akaninyonga nayo nikiwa juu ya ngazi.

Nikaushika mfuniko niusokote, auone uwazi ndani kwa macho yake. Haukusokoteka. Nikatia nguvu, wapi. Nikaangalia kwa karibu nikaona ukingoni mstari wa gundi umekauka, wa njano. Ile ya mirija miwili. Alikuwa amepita chumba baada ya chumba akazigandisha, kabla mkaguzi hajaja, kwa kuwa alinijua mimi kuliko mtu yeyote pale, na alijua nitafanya nini.

"Haina kitu ndani!" nikapiga kelele. "Kisahani kimeng'olewa! Zote!" Kiingereza kilinikimbia, nilisema Kiswahili kitupu. Yule mama akamtazama Musyoka amfasirie.

Musyoka akamwambia, "Anasema ni za zamani, zote zahitaji betri mpya."

Meneja alikuja akashika ngazi, akaniambia kwa upole kabisa, kama anasema na mgonjwa, "Hamisi, shuka." Yule mama akanitazama kwa huruma, wallahi, kwa huruma, akaandika jambo, wakatoka. Nilishuka. Musyoka alikuwa wa mwisho kutoka, na mlangoni aliniambia, "Niko na watoto, Hamisi." Kana kwamba mimi wangu niliwaokota!

Nilifukuzwa siku hiyohiyo. Sababu waliyoitoa ni kuaibisha hoteli mbele ya mgeni. Nanyi mnadhani wenzangu walinitetea? Akina mama wa dobi, niliowatengenezea pasi zao bila hata kuombwa, walinipa mgongo nilipopita na baiskeli yangu. Habari iliyoenea ni kwamba Hamisi alitaka hoteli ifungwe, Hamisi anawaonea wivu watu waliorudishwa kazini, Hamisi hakupewa ukuu wa mafundi ndio maana. Nilikwenda hoteli nyingine kuomba kazi, nikakuta jina langu limenitangulia. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza mara moja tu kama niliona mwenyewe visahani vikitolewa. Nikamwambia nilishika ngazi. Hakuuliza tena, lakini ile miaka ya mwanzo alikuwa akipika uji wa jioni kwa kelele nyingi za sufuria.

Nikahamia Ukunda na mke na watoto, nikaweka meza. Redio, kisha kaseti, kisha simu, sasa chaja. Mashine za tepu zilitupwa zilipokuja kompyuta mpya, na kidude cha Musyoka kikatupwa pamoja nazo. Ndicho kilichowekwa mbele ya maisha ya watu, na hakikuishi miaka mingi. Baadaye hoteli ikabadili mmiliki, paa la makuti likaondolewa, kengele zikawekwa nyingine kabisa.

Musyoka alistaafu vizuri. Walimfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani. Alikuwa akishuka kutoka Shimba Hills kuja sokoni, na kwa muda mrefu alipita njia ya mbali asikutane na meza yangu. Kisha siku moja akaja. Amezeeka, fimbo mkononi, na chaja ya simu imekatika waya.

"Shikamoo Fundi," nikamwambia. Ndiyo, nilimwamkia. Mkubwa ni mkubwa, na mama yangu hakunilea hivyo.

"Marahaba, Hamisi."

Nikatengeneza chaja yake. Alinitazama mikono muda wote, na nilijua anatafuta nilipokosea, kwa vile hiyo ndiyo tabia yake. Sikukosea. Nilipomrudishia hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda anazungusha kofia.

"Hamisi, nikuulize. Hiyo upande ya kona. Kwani iliwahi kuungua?"

"Haikuungua."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Fundi."

"Sasa?" akasema.

Nilitafuta jibu, vijana wangu. Nilikuwa nimelitafuta kwa miaka, nimelitengeneza kichwani mara nyingi, kali, lenye mpangilio. Nilitaka kumwambia habari ya watoto wa Kizungu waliolala mle na madoli yao huku kitaa kinawakonyeza. Nilitaka kumwambia kuwa bahati haimtakasi mtu. Lakini yeye alikuwa amesema neno moja tu, na kila nililotaka kusema lilionekana refu. Aliinuka, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Hajarudi, na nasikia sasa hatoki kitandani. Sijaenda kumwona. Wanaoniambia niende, nawaambia waende wao.

Na nitawaambia jambo jingine la aibu, maana nimeshafika umri wa kutoficha. Katika miaka ile ya kwanza niliuombea moto. Si wa kuua mtu, astaghfirullah. Mdogo, mchana, chumba kimoja kitupu, watu wote wako baharini. Uwake tu, na kengele inyamaze, na watu wausikie ule ukimya niliousikia mimi juu ya ngazi. Nikiwa barabarani na baiskeli nilikuwa nikitazama upande wa Diani, nikiona moshi moyo unaruka, kumbe ni mtu anachoma taka. Hivyo ndivyo walivyonifanya.

Naziona nyuso zenu. Tangu nilipotaja makuti mmekuwa mkingoja moto. Msione haya, kila niliyemsimulia hungoja. Macho yanamtoka, anasogea karibu, ananiuliza, halafu? Nikimwambia haikuwaka, husema "aa, afadhali," akaita chai.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na umri kama wenu nilipomweleza yote, kuanzia mwanasesere hadi ngazi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo baba, tulihama shule kwa moto ambao haukuwako?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, kwa huo.